Ludwig Krapf: aliyeandika bila kungoja siku nzuri



Vijana wetu wa Ngungu, kama wale wa makusanyiko mengine ya Masisi na Walikale, wanajua maana ya siku ya mwisho ya kutoa kazi. Mmoja anaandika mchezo wa Krismasi, na kwaya inamngoja ili ianze mazoezi. Mwingine anaandika mchezo wa filamu kwa ajili ya shindano, na ameambiwa kwamba baada ya tarehe fulani hakuna maandiko yatakayopokelewa tena. Kuanza si shida. Ukurasa wa kwanza huja kwa furaha, wa kumi huja kwa jasho, kisha daftari linafungwa. Sababu tunazijua sisi wote: hakuna umeme, mtoto ana homa, shamba linangoja, na siku nyingine watu wanaamka wakisikia risasi na kubeba magodoro barabarani.

Kwa hiyo leo tunasimulia maisha ya mtu aliyeandika katikati ya mambo kama hayo. Anaitwa Johann Ludwig Krapf. Kila anayesoma Biblia ya Kiswahili ana deni kwake, hata kama hajawahi kusikia jina lake.

Mtoto wa mkulima

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Akiwa bado mtoto, jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa ambalo hakulitenda. Akalala mgonjwa miezi mingi, na katika muda huo akasoma Biblia kwa bidii, hasa habari za mababu wa Agano la Kale. Baadaye akaenda shule, akapenda lugha na ramani. Mwaka 1827 alijiunga na chuo cha wamisionari cha Basel, Uswisi. Alipita wakati wa mashaka, akaacha, akasoma teolojia Tübingen, kisha akarudi katika wito wake.

Mwaka 1837 alitumwa na Church Missionary Society ya Uingereza kwenda Ethiopia. Shabaha yake ilikuwa kuwafikia Waoromo. Alifukuzwa sehemu moja, akaingia kwa njia nyingine, akaishi miaka kadhaa katika ufalme wa Shoa, kisha mlango huo pia ukafungwa. Mwaka 1842 alimwoa Rosina Dietrich huko Alexandria, Misri. Wakiwa njiani kujaribu tena kuingia Ethiopia, Rosina alijifungua mtoto wa kike nyikani. Mtoto hakuishi. Walimwita Eneba, maana yake chozi.

Wiki tano

Ethiopia ilipofungwa kabisa, Krapf aliona kwamba labda Waoromo wangefikiwa kutoka pwani ya kusini. Mwezi wa Januari 1844 alifika Zanzibar, na Sultani Seyyid Said akampa barua ya kumpitisha kwa watawala wa pwani. Katika mwezi wa tano akahamia Mombasa pamoja na mke wake.

Hakuwa na kitabu cha sarufi ya Kiswahili, kwa sababu hakikuwapo. Hakuwa na kamusi. Waswahili wenyewe walikuwa na maandiko yao kwa herufi za Kiarabu, tendi na barua za miaka mingi, lakini mgeni hakuwa na njia ya kujifunza ila kuuliza na kuandika, kuuliza na kuandika. Alisaidiwa na wanachuoni Waislamu wa Mombasa. Hilo tusilisahau: wenye lugha ndio waliomfundisha mmisionari.

Tarehe 8 Juni 1844, muda mfupi tu baada ya kuhamia Mombasa, alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Tulitazame jambo hilo. Hakungoja ajue lugha sawasawa. Hakungoja nyumba nzuri. Alikuwa mwanafunzi wa lugha ile, na bado akaanza na sura ya kwanza, mstari wa kwanza, akijua kwamba makosa yatakuwa mengi.

Mwezi mmoja baadaye homa iliingia nyumbani. Krapf aliugua, na Rosina naye akaugua. Tarehe 6 Julai Rosina alijifungua mtoto wa kike. Tarehe 13 Julai akafa. Baada ya siku chache mtoto naye akafa. Krapf mwenyewe alikuwa dhaifu, karibu asiweze kusimama kaburini. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, upande wa bara. Kutoka siku ile ya kuanza tafsiri mpaka siku ya kumzika mke wake, ni wiki tano.

Kisha akaandika kwa waliomtuma akiwaambia kwamba kaburi lile liwe alama: vita ya Injili imeanza upande huu wa Afrika, nao wajiandae kuleta wengine. Wengi wanalikumbuka neno hilo. Wachache wanakumbuka kilichofuata, nacho hakina sauti kubwa: alirudi mezani. Aliendelea na Mwanzo, akaingia Agano Jipya, na ndani ya miaka michache alikuwa na maandiko ya kwanza ya sehemu kubwa ya kazi hiyo, pamoja na orodha ya maneno iliyokua kila siku. Mwaka 1847 sura tatu za kwanza za Mwanzo kwa Kiswahili zilichapishwa katika jarida la wataalamu huko Marekani. Ndugu msomaji, kazi ile haikuwa safi. Leo Mswahili wa Mombasa angecheka sehemu nyingine. Lakini ilikuwepo, na kitu kilichopo kinaweza kusahihishwa.

Rabai, na safari za bara

Mwaka 1846 alifika Johannes Rebmann, kijana Mjerumani kutoka sehemu zile zile za Württemberg. Mwezi wa Agosti wawili hao walihamia Rabai, kwenye vilima nyuma ya Mombasa, kwa Wamijikenda. Siku ya kuhama wote wawili walikuwa na homa. Walienda hivyo hivyo.

Kutoka Rabai Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro mwaka 1848, na Krapf akauona mlima Kenya mwaka 1849. Wataalamu wa Ulaya walikataa kuamini kwamba kuna theluji karibu na ikweta. Mwaka 1850 Krapf alirudi Ulaya kwa muda, akachapisha Tübingen kitabu chake kidogo cha sarufi ya Kiswahili, na orodha ya maneno ya lugha sita za Afrika Mashariki.

Aliporudi, mwaka 1851, alisafiri tena Ukambani. Mtawala mmoja aliyeitwa Kivoi alimchukua kuelekea mto Tana. Njiani wanyang'anyi waliwashambulia, Kivoi akauawa, msafara ukatawanyika. Krapf alibaki peke yake porini. Alipofika mtoni alijaza maji ndani ya mtutu wa bunduki yake kwa sababu hakuwa na chombo kingine, akatembea usiku na kujificha mchana, akala alichookota. Watu wengi wa Masisi hawahitaji kuelezwa safari ya namna hiyo. Alifika Rabai akiwa hai, na akaketi tena kuandika.

Mwaka 1853 afya yake ilivunjika, akaondoka pwani. Kwa hesabu ya watu, hakuwa na cha kuonyesha: waliobatizwa katika miaka yake yote pale walikuwa wachache mno. Alichobeba ni makaratasi. Kati yake kulikuwa na tendi za Kiswahili zilizoandikwa kwa mkono, ambazo alizipeleka Ujerumani katika maktaba ya Halle. Kwa njia hiyo nakala ya Utendi wa Tambuka, mmoja wa tendi za zamani zinazojulikana, ilihifadhiwa.

Rafiki wawili, namna mbili za kufanya kazi

Hapa kuna jambo ambalo waandishi wetu vijana walifikiri. Rebmann alibaki. Alikaa Afrika Mashariki miaka 29 bila kurudi kwao hata mara moja. Alikuwa mtu wa uangalifu mkubwa. Aliandika Kiswahili, aliandika Kinika cha Rabai, na kutoka kwa mtumwa mmoja aliyetoka upande wa ziwa Nyasa, jina lake Salimini, alijifunza lugha ya huko na kuiandikia kamusi. Lakini alisahihisha, akasahihisha tena, akaongeza neno, akarudi nyuma. Miaka ikapita. Macho yake yakafifia, na mwishowe akawa kipofu. Mwaka 1875 alirudishwa Ujerumani akiongozwa kwa mkono, na tarehe 4 Oktoba 1876 akafa. Kamusi zake hazikuwa zimechapishwa.

Nani aliichukua kazi ya Rebmann? Ni Krapf, ambaye sasa alikuwa mzee akiishi Korntal. Mwaka 1877 aliitoa kamusi ile ya lugha ya Nyasa kwa jina la rafiki yake. Kamusi ya Kinika, waliyoifanyia kazi wote wawili, ilikuja kuchapishwa na mwingine mwaka 1887, nao wote wakiwa wamekwisha kufa.

Hatumhukumu Rebmann. Uvumilivu wake ulikuwa mkubwa kuliko wa wengi, na uangalifu ni tunda jema. Lakini maisha yake yanatuonya: mtu anaweza kupenda kazi yake hata asiiachie itoke mkononi. Krapf naye alikuwa na kasoro ya upande wa pili. Alikuwa mwepesi, aliruka kutoka mpango hadi mpango, na ndoto yake ya mlolongo wa vituo vya misioni kutoka mashariki mpaka magharibi ya Afrika hakuiona. Kila mmoja alimhitaji mwenzake: mmoja wa kumaliza, mwingine wa kuchunguza.

Kamusi ya mwisho

Baada ya mwaka 1853 Krapf alirudi Afrika mara nyingine. Mwaka 1862 aliwasaidia Wamethodisti kuanza misioni ya Ribe, karibu na Mombasa. Mwaka 1867 alikwenda Ethiopia kama mkalimani wa jeshi la Waingereza, lakini ugonjwa ulimrudisha. Miaka iliyobaki aliitumia mezani, kwa lugha za Ethiopia na kwa kazi aliyoianza akiwa kijana: kamusi kubwa ya Kiswahili.

Wakati huo Askofu Edward Steere wa Zanzibar alikuwa amekwisha kutoa kitabu chake cha Kiswahili mwaka 1870, na lahaja ya Unguja ilikuwa inapata nguvu. Mwingine angesema, basi, wamenitangulia, yangu ya nini? Krapf aliendelea. Aliandika maneno ya Mombasa kama alivyoyasikia, na mara nyingi akaongeza mfano wa matumizi, desturi, dawa, samaki, upepo.

Usiku wa tarehe 25 Novemba 1881 aliingia chumbani kwake kulala. Asubuhi walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekufa katika maombi. Alikuwa na miaka 71. Mwaka uliofuata, 1882, kamusi yake ilitoka London, zaidi ya kurasa 400. Hakuishika kwa mikono yake. Lakini ilitoka, na waliotunga kamusi baada yake waliitumia.

Kwetu Ngungu

Nyumbani tunasema Kihunde, Kinyarwanda, Kitembo na lugha nyingine. Kanisani tunakutana katika Kiswahili. Mtu wa Masisi na mtu wa Walikale wanasikia mahubiri mamoja na kuimba wimbo mmoja kwa sababu wengine walikaa na kuandika lugha hii neno kwa neno, wakati homa na kilio viko mlangoni.

Kijana unayeandika mchezo, fanya hesabu kama yule mtu wa Luka 14 aliyetaka kujenga mnara. Ukiwa na siku 20 na kurasa 60, ni kurasa tatu kwa siku, nne au tano kama Jumapili na siku ya soko huandiki. Fika mwisho wa hadithi kwanza, hata kama mazungumzo bado ni mabaya. Kurekebisha kuna siku zake, nazo ni za mwisho. Usirudie ukurasa wa kwanza mara kumi. Mpe rafiki mmoja mwenye jicho kali asome. Na kwa sababu tunaishi mahali ambapo mtu anaweza kuondoka nyumbani bila kujua, tengeneza nakala ya pili, uiweke kwa mtu mwingine katika kijiji kingine. Daftari moja likipotea, kazi isipotee nalo.

Ninyi wazee na wachungaji, tazameni kama katika kusanyiko lenu kuna kazi ya mtu aliyekufa au aliyekimbia: nyimbo alizotunga, historia ya kanisa aliyoanza kuandika, tafsiri iliyobaki nusu. Krapf alimaliza ya Rebmann. Huenda Bwana anamtafuta mtu wa kumaliza ya ndugu yako.

Tuombe kwa ajili ya wote walioanza kazi njema, ili Mungu awape nguvu ya kufika kwenye ukurasa wa mwisho. Amani ya Kristo iwe nanyi.