John Okello: Fundi wa Pemba aliyerudi na bakora

Kabla dunia haijamjua, Pemba ilishamjua. Mwaka 1959 alishuka kisiwani kijana wa miaka 22 kutoka Lango, kaskazini mwa Uganda, hana ndugu wala jamaa, anatafuta kibarua. Alifanya kazi za mikono, za ujenzi na nyinginezo. Miaka mitano baadaye alirudi Pemba na bunduki na cheo alichojipa mwenyewe: Fildi Marshali.

John Okello alizaliwa mwaka 1937. Alifiwa na wazazi akiwa mdogo, akatoka nyumbani bado mtoto, akazurura Afrika Mashariki akifanya kila kazi iliyopatikana. Nairobi alifungwa miaka miwili kwa kosa la kujamiiana, kosa ambalo yeye alilikana.

Hiyo Nairobi ya miaka ya 1950 si ya kuipita haraka. Kenya ilikuwa kwenye Hali ya Hatari tangu 1952, na Waingereza waliwaita wapiganaji wa Mau Mau magaidi. Mshukiwa alipelekwa kuhojiwa, na kuhojiwa kwenyewe kulikuwa ni kupigwa mpaka akiri kuwa amekula kiapo na awataje wenzake. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa kwa sababu tu ya kugoma kufanya kazi. Ilichukua zaidi ya miaka 50 kwa serikali ya Uingereza kueleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa wahanga zaidi ya 5,000. Ilikuwa Juni 2013, na jumla ya fedha ilikuwa pauni milioni 19.9.

Okello aliuchukia ukoloni, hilo halina ubishi. Lakini kuna somo moja la mkoloni inaelekea alilibeba zima zima: kwamba mtu akitishwa vya kutosha, kazi imekwisha.

Pemba aliingia Umoja wa Vijana wa Afro-Shirazi. Kisiwa kile hakikuwa ngome ya chama hicho. Wapemba wengi, Washirazi kwa Waarabu, walikuwa upande wa ZNP na ZPPP. Katika uchaguzi wa Julai 1963, ASP ilipata kura nyingi zaidi, kiasi cha asilimia 54, lakini ikaambulia viti 13 kati ya 31. Hasira ya kura zile ndiyo iliyowasha moto.

Mwaka huo Okello alihamia Unguja. Usiku wa kuamkia 12 Januari 1964 aliongoza mamia ya vijana, wengi wao bila bunduki, wakavamia ghala za silaha za polisi. Asubuhi serikali ilikuwa imeanguka na Sultani Jamshid yuko njiani kukimbia. Kisha ikasikika redioni ile sauti yenye lafudhi ya bara, ikitangaza adhabu za ajabu ajabu: vifungo vya mamia ya miaka, kunyongwa, kuchomwa moto. Watu wengi waliuawa Unguja wiki zile, na hesabu za wanahistoria zinatofautiana mno, kuanzia mamia hadi maelfu.

Pemba haikupigana. Hili ni muhimu kuliko yote. Hapakuwa na vita wala jeshi la Sultani msituni. Hata hivyo Okello alikwenda na watu wake, na walioshukiwa kuwa maadui wa Mapinduzi wakaanza kuchapwa viboko hadharani. Nyumba na maduka yaliporwa. Nani ana silaha? Nani alimpigia kura nani? Nani anasema nini usiku? Maswali ya aina hiyo, na jibu likichelewa, fimbo.

Watetezi wa mambo yale wana hoja, tena si ya kudharauliwa. Wanasema Mapinduzi yalikuwa machanga, Sultani yu hai, maadui wangeweza kurudi, na mahakama hazikuwa na nafasi. Ni hoja ile ile inayotolewa leo kila anapokamatwa mshukiwa wa ugaidi: bomu linakaribia kulipuka, hakuna muda, mbane aseme.

Sasa, Pemba bomu lilikuwa wapi? Na aliyebanwa alisema nini? Mtu anayechapwa mbele ya wanawe atakupa jina lolote umwachie. Atamtaja jirani waliyegombania mikarafuu. Atamtaja asiyempenda, au asiyemjua kabisa. Anayeuliza anaondoka na majina, lakini ukweli hana, na kila jina ni mtu mwingine wa kwenda kuchapwa. Na haya walifanyiwa watu ambao Okello aliishi nao miaka kadhaa, si wageni kwake.

Wenzake walimchoka haraka. Karume na viongozi wengine waliona mtu huyu, Mkristo kutoka Uganda na jeshi lake la mfukoni, ni hatari kwao pia. Watu wake walinyang'anywa silaha. Machi 1964, akitoka safari ya bara, alizuiwa kurudi Zanzibar. Cheo kikaishia hapo. Hakuwa ametimiza hata miezi mitatu.

Yeye aliondoka, bakora ikabaki. Wazee wa Pemba wakizungumzia miaka ya 1960, neno hilo haliko mbali. Karume alipouawa 7 Aprili 1972, washtakiwa 81 waliunganishwa katika kesi ya uhaini iliyoegemea sana maungamo, na baadhi yao walisema waliteswa ndipo wakaungama. Abdulrahman Babu alihukumiwa kifo mwaka 1974 bila kuwepo mahakamani. Alikuwa kizuizini bara na Nyerere alikataa kumkabidhi Zanzibar.

Tangu 1984 Katiba ya Muungano, ibara ya 13(6)(e), inakataza kabisa mtu kuteswa. Haitaji mwizi wala gaidi, inasema mtu. Ilikuwepo masheikh wa Uamsho wa Zanzibar waliposhtakiwa kwa ugaidi bara na baadhi yao kuiambia mahakama kuwa waliteswa na kudhalilishwa. Walikaa mahabusu miaka mingi. Juni 2021 mashtaka yakafutwa, na ushahidi dhidi yao haukuwahi kupimwa na hakimu mpaka mwisho.

Okello mwenyewe maisha yalimgeuka. Alihangaika kati ya Tanganyika, Kenya na Uganda, fukara, akifuatiliwa na polisi kama mshukiwa, na jela aliionja tena. Mwaka 1967 kilitoka Nairobi kitabu chake juu ya Mapinduzi. Humo anajieleza kama mtu aliyetumwa na Mungu, na juu ya ukali wake haoni haya.

Mwaka 1971 alionekana Uganda akiwa na Idi Amin, aliyekuwa ametwaa madaraka Januari mwaka huo. Baada ya hapo hakuonekana tena. Inaaminika aliuawa na watu wa Amin, kama maelfu ya Waganda wengine waliochukuliwa kwenda kuhojiwa. Hakushtakiwa popote na kaburi lake halijulikani. Alikuwa na miaka kama 34.