Tomáš Baťa: fundi viatu aliyeanza hesabu kwa kliya

Wiki hii, kwenye ukurasa wetu wa historia, tunaangalia maisha ya mtu ambaye jina lake limevaliwa miguuni na watoto wa shule wengi wa Afrika Mashariki. Kuna wanaofikiri Bata ni jina la Kihindi au la Kiafrika. Hapana. Tomáš Baťa alizaliwa mwaka 1876 Zlín, mji mdogo wa nchi inayoitwa leo Cheki, kwenye familia ya washona viatu.

Mwaka 1894 alifungua atelie pamoja na kaka yake Antonín na dada yake Anna. Haikukawia, madeni yakawakaba. Antonín akachukuliwa jeshini, mzigo ukabakia kwa Tomáš. Ngozi ilikuwa bei kali na feza hakuna. Basi akatengeneza viatu vya kitambaa, vyepesi na vya bei ndogo. Watu wakavipenda. Hapo njo alijifunza kwamba kazi ya fundi inaanzia kwenye mfuko wa kliya.

Mwaka 1904 alikwenda Marekani, kwenye mji wa Lynn, kujionea viwanda vya viatu. Aliporudi, kazi ikagawanywa: huyu anakata, yule anashona, mwingine anaweka soli.

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alipata komandi kubwa za viatu vya askari. Amani ilipofika, komandi zikaisha. Mwaka 1922 hali ikawa mbaya zaidi: viatu vilijaa depo na watu hawakuwa na uwezo wa kununua. Wenzake wengi walifunga milango. Yeye akapunguza bei kwa nusu. Mishahara ya wafanyakazi ilishushwa kwa asilimia 40, lakini kampuni ikawauzia chakula na nguo kwa nusu bei. Stoki ikatoka, komandi mpya zikaingia, na wafanyakazi wengine wakaandikwa.

Kisha akapanga kiwanda upya. Alikuwa na maduka yake mwenyewe, kwa hiyo alijua ni viatu gani vinatoka na ni vipi vinalala. Kutokana na hayo, kila atelie ilipewa mpango wa wiki na wa siku. Kila atelie pia ilikuwa na hesabu yake: ilinunua kazi kwa atelie iliyotangulia na kuuzia ile inayofuata. Kazi mbovu ilikataliwa palepale, haikungoja kufika kwa kliya. Faida ikipatikana, wafanyakazi walipata sehemu.

Si wote waliomsifu. Mwendo wa kazi ulikuwa mkali, na vyama vya wafanyakazi havikupata nafasi kwake.

Tarehe 12 Julai 1932, ndege yake ilianguka kwenye ukungu karibu na Zlín, akafa pamoja na rubani wake. Ndugu yake wa baba mmoja, Jan Antonín, akaendesha kampuni. Baadaye ikajenga kiwanda Limuru, Kenya.

Sisi wa Butembo na Beni habari hii inatugusa. Mfanyabiashara wetu anayeagiza kontena Dubai au China hungoja mali ipite Mombasa hadi Kasindi, na ikifika pengine kliya amekwisha badilisha mawazo. Fundi mbao wa Mususa hukata mbao akisha pata avansi: hapotezi, lakini mwenye haraka anakwenda kwingine. Muoka mikate hawezi kungoja komandi. Lazima akisie leo mikate ya kesho, na mkate uliobaki ni hasara.

Kila mmoja ana njia yake, na kila njia ina hatari yake. Alichofanya Baťa kinaweza kufanywa hata kwenye atelie ya watu wawili: kuandika kila jioni kilichouzwa na kilichobaki, kisha kupanga kazi ya kesho kwa kufuata daftari hilo.