Leonhard Euler na Namba Kubwa ya Fermat

Wengi wetu tuna desturi ya kukubali jambo kwa sababu tu limesemwa na mtu mkubwa. Napenda kuwasimulia habari za mtu ambaye hakukubali mpaka alipopiga hesabu mwenyewe.

Leonhard Euler alizaliwa Basel, katika nchi ya Uswisi, tarehe 15 Aprili, 1707. Baba yake alikuwa mchungaji, naye alitaka mwanawe ashike kazi hiyo hiyo. Lakini mjini palikuwa na bingwa wa hesabu, Johann Bernoulli, aliyemruhusu kijana huyo kwenda kwake kila Jumamosi alasiri na maswali yaliyomshinda. Mwisho baba alikubali kumwachia afuate hesabu. Mwaka 1727 Euler alikwenda St. Petersburg, Urusi, kufanya kazi katika Akademia ya Sayansi.

Mwaka 1729 mwenzake Goldbach alimwandikia kumwuliza juu ya neno moja la Fermat, yule Mfaransa mashuhuri aliyefariki mwaka 1665. Neno lenyewe ni hili. Chukua 2, ongeza 1, utapata 3. Zidisha 2 kwa 2, upate 4. Ongeza 1, utapata 5. Zidisha 4 kwa 4, upate 16. Ongeza 1, utapata 17. Ukiendelea hivyo utapata 257, kisha 65,537. Zote tano ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Fermat aliamini kwamba zinazofuata pia ni tasa, ingawa hakuwa na uthibitisho.

Namba ya sita ni 4,294,967,297. Nani angethubutu kuijaribu? Namba tasa za kuigawanyia, mpaka kufikia kipeo chake cha pili, ni zaidi ya 6,500. Lakini mwaka 1732 Euler alionyesha kwamba namba hiyo hugawanyika kwa 641. Baadaye alieleza njia yake: namba tasa yo yote inayoweza kuigawanya lazima, ikigawanywa kwa 64, ibakize 1. Basi hakuna haja ya kujaribu zote. Za kwanza ni 193, 257, 449 na 577, nazo hazifai. Ya tano ni 641, nayo huingia bila baki.

Mimi mwenyewe nilikaa usiku mmoja na kalamu na karatasi nikagawanya. Nilikosea mara mbili, na mara ya tatu nikapata 6,700,417, bila baki. Siwezi kueleza furaha niliyoipata! Tangu hapo sikuiamini namba hiyo kwa kuambiwa, bali kwa kuiona.

Euler hakuwa na maisha mepesi. Kufikia mwaka 1738 jicho lake la kulia lilikuwa limeharibika. Mwaka 1741 alihamia Berlin, akakaa huko miaka 25, kisha akarudi Urusi mwaka 1766. Muda si mrefu mtoto wa jicho akampofusha jicho la pili. Mwaka 1771 nyumba yake ikateketea kwa moto, naye akaokolewa. Watoto wake 13, ni 5 tu waliopita utotoni.

Je, aliacha kazi? Hata kidogo. Alipiga hesabu kichwani, wanawe na wasaidizi wakaandika. Mwaka 1772, akiwa kipofu, alitoa habari kwamba 2,147,483,647 ni namba tasa. Kazi zake zote zapita 800. Alifariki tarehe 18 Septemba, 1783, na siku hiyo hiyo alikuwa akizungumza juu ya njia ya sayari ya Uranus.

Mpaka leo, hata kwa mashine za kisasa, haijapatikana namba tasa nyingine katika mfuatano ule baada ya 65,537.

Fermat alikuwa mtu mkubwa, na kosa moja halikumpunguzia heshima. Lakini mifano mitano si uthibitisho. Wanafunzi wenzangu, shikeni kalamu, mgawanye wenyewe.