Kutoka Mtumwa hadi Siti: Jina, Sauti na Hadhi ya Siti binti Saad

Maisha ya Siti binti Saad hayaeleweki barabara bila kuzingatia utumwa uliobeba uchumi wa Zanzibar katika karne ya 19. Misafara iliyotoka Unyamwezi ilipita Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru, ikateremka hadi Bagamoyo ikiwa na pembe za ndovu na binadamu waliouzwa. Baba yake, Saad, alikuwa na asili ya Kinyamwezi na mama yake ya Kizigua. Binti yao alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, akaitwa Mtumwa. Jina hilo lilimtambulisha mtu na papo hapo kulitaja tabaka lake.

Amri ya mwaka 1897 iliondoa uhalali wa utumwa, lakini iliwaacha nje masuria. Hao walingoja hadi mwaka 1909. Hata baada ya hapo, mwanamke wa tabaka la chini aliendelea kuchukuliwa kuwa chombo cha starehe ya wakubwa. Hali hiyo inakaribiana kwa kiasi na ile ya wanawake wa Yoshiwara, mtaa ulioidhinishwa Edo, Japani, mwaka 1617, ambao baadhi yao walifunzwa ushairi na muziki huku wamefungwa na madeni. Siti hakuwa suria wala malaya. Hata hivyo, kuimba mbele ya wanaume kulitosha kumtia mwanamke doa.

Akiwa Fumba alifinyanga vyungu, akavitembeza mjini akivinadi kwa sauti. Mwaka 1911 alihamia mjini, ambako Ali Muhsin, mwanachama wa Nadi Ikhwan Safaa, chama kilichoasisiwa mwaka 1905, alimfunza muziki. Baadaye alishirikiana na Subeit Ambar, Budda Swedi, Mbaruku Talsam na Maalim Shaaban. Jina la Siti, lenye asili ya Kiarabu na maana ya bibi mwenye heshima, lilichukua nafasi ya Mtumwa. Kiisimujamii, badiliko hilo ni kubwa: jina la kumilikiwa liliondolewa na jina la kustahiwa.

Badiliko la pili lilihusu lugha. Taarabu ya kasri iliimbwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili, ikafahamika Ng'ambo kama ilivyofahamika Mji Mkongwe. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri za HMV, zilizoenea Afrika Mashariki. Waliomwonea kijicho walimkejeli kwa uzawa na sura yake, naye akawajibu kwa wimbo. Katika "Kijiti" aliimba kuhusu mwanamke mgeni aliyeuawa, muuaji akatoroka, na walioadhibiwa wakawa mashahidi. Hivyo sauti iliyotarajiwa kuwaburudisha wakubwa ilihoji haki yao.

Siti alifariki mwaka 1950. Wasifu wake ulioandikwa na Shaaban Robert ulichapishwa mwaka 1958, na nyimbo zake ziliendelea kuimbwa na Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013. Katika kumbukumbu hiyo yote, binti wa Fumba anatajwa kwa jina la Siti.