Theodore Maiman na Mmweko wa Yakuti

Askari aliyepata kufanya doria katika mwambao wa kaskazini wa Cabo Delgado, kutoka mdomo wa mto Ruvuma hadi Palma na Mocímboa da Praia, hakosi kusikia habari za yakuti nyekundu. Mawe hayo hayatoki pwani. Yaligunduliwa bara, Namanhumbir katika wilaya ya Montepuez, mwaka 2009, nayo hutafutwa kwa ajili ya pete na mikufu. Leo twapenda kumweleza ndugu msomaji habari za mtu aliyeiona yakuti kwa jicho jingine.

Theodore Maiman alizaliwa Los Angeles, Marekani, tarehe 11 Julai, 1927. Baba yake alikuwa mhandisi wa umeme, na kijana mwenyewe alijipatia fedha kwa kutengeneza redio. Mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili alitumikia jeshi la majini, kisha akasoma Colorado na Stanford, alikopata shahada ya udaktari wa fizikia mwaka 1955. Akiwa katika maabara ya kampuni ya Hughes, alikabidhiwa kazi ya kikosi cha mawasiliano cha jeshi: mtambo wa kukuza mawimbi ya redio, uliotumia yakuti na kuwa na uzito wa tani mbili na nusu. Maiman aliupunguza ukafikia kilo zipatazo 2. Mwanajeshi aliyepata kubeba redio mgongoni ataithamini kazi hiyo.

Wakati huo wataalamu wengi walikuwa wakishindana kutengeneza chombo cha kutoa mwanga wa rangi moja uendao kwa mpangilio mmoja, kama gwaride. Yakuti walikuwa wameikataa, kwani vipimo vilivyokubaliwa vilionyesha kwamba hurudisha sehemu 1 tu kwa mia ya nguvu inayoinyonya. Maiman alipima upya. Akapata kiasi cha 75 kwa mia.

Hapo akachukua kijiti cha yakuti kilichotengenezwa kiwandani, kifupi kuliko kidole, akakipaka fedha pande zote mbili na kukizungushia taa ya mmweko ya wapiga picha. Tarehe 16 Mei, 1960, yeye na msaidizi wake, Irnee D'Haenens, waliiwasha. Leza ya kwanza duniani ikamweka. Jarida moja la fizikia liliikataa taarifa yake. Nature la Uingereza likaichapa mwezi Agosti. Magazeti nayo yalitangaza mwali wa mauti, jambo lililomuudhi sana.

Jeshini leza ilianza kwa kupima masafa. Mmweko hutumwa, hugonga shabaha, hurudi. Kwa shabaha iliyo mita 1,500, safari nzima huchukua sehemu 10 za sekunde iliyogawanywa mara milioni. Kwa hiyo mmweko wenyewe sharti uwe mfupi mno. Mwaka 1962, katika maabara zile zile za Hughes, wenzake waliufupisha zaidi.

Ufupishaji haukukoma hapo. Yakuti nyekundu ni alumini na oksijeni zilizochanganyika na kromi kidogo. Ikitiwa titani badala ya kromi, kama alivyofanya Peter Moulton mwaka 1982, hutoa leza ambayo mwaka 1991 ilifikia mimweko ya sehemu 60 za sekunde iliyogawanywa mara bilioni milioni moja. Kwa muda huo atomi ndani ya jiwe hazijawahi kusogea mbali, hivyo wataalamu huziona zikiwa njiani. Tena huziamrisha: oksidi ya vanadi, ambayo kwa kawaida huzuia umeme, hugeuka mara moja kuwa kipitishio baada ya kupigwa mmweko mmoja.

Nishani ya Nobel ya mwaka 1964, iliyotolewa kwa kazi iliyozaa leza, walipewa Townes, Basov na Prokhorov. Maiman hakuwamo. Sisi twaona hakutendewa haki, ingawa heshima nyingine alizipata, ikiwemo Tuzo ya Japani mwaka 1987. Alifariki Vancouver, Kanada, tarehe 5 Mei, 2007, miaka miwili kabla yakuti za Montepuez hazijagunduliwa.