Mohamed Amin: Mkenya Aliyeuonyesha Ulimwengu Njaa

Wazee wa hapa Lodwar, wakimwona mgeni mwenye kamera, hutaka kujua ameleta nini na ataondoka na nini. Mimi naliona swali hilo kuwa la haki. Nchi yetu hii kavu imepigwa picha nyingi wakati wa njaa, na chache mno wakati wa shibe. Ndiyo maana leo, msomaji, napenda tumkumbuke marehemu Mohamed Amin.

Amin alizaliwa Eastleigh, Nairobi, mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, ambako baba yake alifanya kazi ya reli. Huko huko, mwaka 1963, alianzisha kampuni yake ya picha, Camerapix. Aliyapiga picha Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Na mwaka 1966 alitiwa gerezani Visiwani karibu mwezi mzima kwa sababu ya kazi hiyo hiyo. Baadaye alihamia Nairobi. Tom Mboya alipopigwa risasi, Julai 5, 1969, Amin alifika upesi akaunasa msiba ule.

Kilichomvumisha zaidi ni njaa ya Ethiopia. Oktoba 1984 alifika Korem pamoja na Michael Buerk wa BBC. Filamu yao ya dakika chache ilionyeshwa Oktoba 23, kisha vituo zaidi ya 400 vya televisheni vikairudia. Hapo ndipo taarifa ya habari ilipozaa muziki! Bob Geldof aliitazama akawakusanya waimbaji Uingereza. Marekani ikafuata, na Ufaransa nako Renaud na wenzake wakaimba. Julai 13, 1985, tamasha la Live Aid lilirushwa kwa setilaiti kutoka London na Philadelphia. Fedha zikachangwa, chakula kikasafirishwa, roho nyingi zikaokolewa.

Lakini kila chenye manufaa kina gharama yake. Watu wengi wa mbali walibaki wakidhani kwamba Mwafrika ni mifupa na bakuli tupu. Mimi simlaumu Amin kwa hilo, kwani yeye mwenyewe alikuwa ametuonyesha vingine. Mwaka 1981 alitoa kitabu cha picha juu ya Ziwa Turkana na watu wake. Alitujua kwa ziwa letu na maisha yetu kabla ulimwengu haujamjua kwa njaa.

Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Mwenzake John Mathai akafa, naye Amin akapoteza mkono wa kushoto. Alitiwa mkono wa bandia, akarudi kazini. Novemba 23, 1996, ndege ya Ethiopia aliyopanda ilitekwa nyara, ikaishiwa mafuta, ikaanguka baharini karibu na Ngazija. Watu 125 walikufa, naye akiwa mmoja wao.

Kambi ya Kakuma, juu ya barabara yetu ya kwenda Lokichoggio, ilifunguliwa mwaka 1992, na kamera za nje hazijaisahau. La kutia moyo ni kwamba vijana wa kambini nao wamejifunza kutengeneza filamu. Nawaambia hivi: njaa ikija, ionyesheni bila haya, kwa maana picha ya Amin ililisha watu. Ila mvua ikinyesha na mbuzi wakinenepa, msizime kamera.