Abeti Masikini alikuwa mutoto wa Kisangani

Ndugu wachimbaji, na nyinyi wamama wenye kubaki na watoto wakati wanaume wako mu mashimo, leo hatuandike juu ya bei ya diama. Juma lililopita, kwa barabara ya uwanja wa ndege hapa Bangboka, kijana mumoja alipiga wimbo wa Abeti mu simu yake. Wenzake wakaanza kubishana: huyu mwanamuke alikuwa wa Kinshasa ao wa Paris? Hakuna hata mumoja aliyesema Kisangani. Sisi wa sandika tulisikia uchungu, njo maana tunaandika.

Abeti alizaliwa hapa tarehe 9 mwezi wa 11, 1954, wakati muji ungali unaitwa Stanleyville. Walimupa jina Elisabeth Finant. Baba yake, Jean-Pierre Finant, alikuwa mutu wa Lumumba, na mu 1960 akawa rais wa serkali ya Provinsi Orientale. Cheo hakikukawia. Walimufunga, wakamupeleka Bakwanga, na mu mwezi wa pili wa 1961 wakamuua kule pamoja na wenzake. Bakwanga njo Mbuji-Mayi ya leo. Muchimbaji gani wa diama hajui muji ule? Wengi wetu tulienda kutafuta franga kule, tukapiga sururu mu udongo ule ule, bila kujua kama mukubwa wa kwetu aliuawa pale.

Mutoto alikuwa na miaka sita tu. Mu kazi yetu ya sandika tunajua nyumba ya namna ile. Shimo likianguka, mwenye shimo analeta sanda na mufuko wa muchele, na kisha juma moja simu yake haipite tena. Mama anabaki na watoto na maswali. Finant alikuwa mukubwa, ndiyo, lakini kifo chake kiliacha mujane na mayatima sawa vifo vya wadogo. Mama, Marie Masikini, akabaki na watoto, na jamaa ikaenda Kinshasa. Mutoto alipokuwa muimbaji, na Mobutu alipokataza majina ya kizungu, Elisabeth akabaki Abeti, na jina la mama yake njo lilipanda naye kwa jukwaa. Masikini! Na lile jina likaandikwa mu taa kubwa za Ulaya.

Kuimba alikuanza utoto, mu kwaya ya kanisa. Nyumbani walisema Kiswahili na Lingala, kwa redio walisikia nyimbo za Wafaransa, Miriam Makeba, na Weusi wa Amerika wenye kuimba blues na soul. Vyote vilibaki mu sauti yake. Mu 1971 aliingia mashindano ya vijana wa kuimba pale Kinshasa, akawa wa tatu. Wa kwanza na wa pili, leo nani anawakumbuka? Mutu wa Togo, Gérard Akueson, aliyekuwa amekwisha kumusimamia Bella Bellow, alimusikia na hakumuacha tena. Kisha akawa bwana yake.

Kinshasa haikumupokea vizuri. Ule wakati muziki ulikuwa wa wanaume na orkestra zao, na mwanamuke kijana wa kuimba na blues mu Kiswahili walimuona kama mugeni. Kwa moja ya maonyesho yake ya kwanza, watu walikuwa wa kuhesabika. Akueson akamupeleka Afrika ya Magharibi, na kule wakamupenda. Mu mwezi wa pili wa 1973 akaimba Olympia, Paris. Mu 1974 akaimba Carnegie Hall, New York. Nyimbo zake za mwanzo zilikuwa na majina ya kwetu, kama Mutoto Wangu. Wazungu hawakuelewa neno, lakini walikaa kimya, wakasikiliza.

Mwaka ule ule wa 1974, mu mwezi wa 9, Kinshasa ilifanya feti kubwa ya muziki mbele ya ngumi za Ali na Foreman. James Brown alikuja, B.B. King alikuja, na Bill Withers, aliyezaliwa mu kijiji cha wachimba makaa kule West Virginia. Abeti aliimba na wakubwa hao, orkestra yake Les Redoutables nyuma yake, kaka yake Abumba kwa gitaa. Sasa Kinshasa ilifungua macho. Walimupa jina Tigresse, mwenye makucha ya dhahabu. Dhahabu ile, tuseme ukweli, hakuna aliyeweza kuikata kodi.

Alijua pia kuimba vya watu wadogo. Wimbo wake Likayabo una jina la samaki ya chumvi, chakula chetu cha kila siku mu kariera. Na wasichana aliwafungulia mulango: Mbilia Bel alianzia kwake. Mu 1986, na Je suis fâché, alicheza soukous ya nguvu, na Afrika ya Magharibi yote ikacheza naye. Mu 1988 alijaza Zénith ya Paris. Sisi wengine tunapenda zaidi sauti ya zamani, ile ya polepole, lakini hatukatae mutu kula jasho yake.

Kansa ilimumaliza Ufaransa, tarehe 28 mwezi wa 9, 1994. Alikuwa hajafikisha miaka 40. Mwili ulirudishwa Kinshasa, na kule njo alizikwa. Hapa kwetu sanduku halikufika. Wale vijana wa barabara ya uwanja wa ndege tuliwaambia yote haya. Mumoja akauliza wimbo gani ni wa Kiswahili, akautafuta mu simu, wakausikiliza mupaka mwisho.